Wimbo Uliofuata Shanga

Haya nimeyapata kwa Shahara binti Hokororo mwenyewe, Jumatatu ya kwanza baada ya Idi, tumekaa uani kwangu tunabangua korosho. Alikuwa akisimulia huku anacheka, hata korosho zinamponyoka zinaingia mchangani. Nikamwambia, "Mwanangu, simulia polepole, mimi si kisanduku chako cha sauti." Akarudi mwanzo, akasimulia polepole, nami nayaweka vilevile.

Asubuhi ya harusi ya Mwanaidi, binti wa kaka yake, Shahara alisimama mlangoni pa chumba cha ndani akaona hapana hata pa kutupa sindano. Wanawake walikuwa wamekaa mkekani goti kwa goti, wengine wamepakatana kama watoto. Chumba cha pili kilijaa. Jikoni kulijaa. Na wote walikuja kwa jambo moja: siku ya mwisho ya kumfunda mwali, Bibi Somoe binti Chitanda anapoimba zile nyimbo za ndani ambazo mwanamume hazisikii tangu azaliwe mpaka azikwe.

"Sisi wa jikoni tutasikia nini?" akauliza mama mmoja aliyefunga kilemba cha njano. "Mvuke wa mizizi ya ming'oko?"

"Nyinyi wa jikoni mtashiba kabla yetu," akajibiwa kutoka ndani. "Mnataka na wimbo pia?"

Bibi Somoe alikuwa amekaa kigodani, ngoma ndogo kati ya miguu. Magoti yake hayakuwa yakimtii tena, na sauti yake, alisema mwenyewe, ilikuwa imebaki ya kuitia kuku. Akasema, "Basi nitaimba mara tatu, chumba hiki, kisha kile, kisha jikoni. Nikifia njiani mtamalizia."

Ndipo Shahara akapiga goti mbele yake. "Bibi, ukuta unaweza kukubeba."

"Unibebe nikaende wapi?"

"Ukae hapahapa. Sauti yako ndiyo iende huko kote, kama vile umekaa katika kila chumba."

"Nimekaa kila chumba? Na magoti haya?"

Wanawake wakacheka, lakini Shahara hakuwa anatania. Kazi yake ilikuwa hiyo. Nyumba ile aliipaka yeye, ndani yote, rangi yenye sauti. Ukiigusa ni rangi tu, haina joto wala baridi, ila ukuta mzima unakuwa spika, na humo humo mna maiki ndogo kama chembe za chumvi, za kupima chumba kina watu wangapi na mapazia mazito kiasi gani, ili muziki ukae vizuri. Kichwa cha mambo yote ni kisanduku kilichokaa stoo, juu ya magunia.

Bibi Somoe akautazama ukuta. Akaugonga kwa kidole, kama mtu anayechagua nazi.

"Niambie, binti Hokororo. Wimbo ukipita ukutani, umetoka chumbani au haujatoka?"

Shahara akafikiri, akasema, "Ukifika kwa aliyefundwa haujatoka, Bibi. Chumba ni watu."

"Maneno mazuri. Kakufundisha nani?"

"Nimeyatunga sasa hivi."

"Ndiyo maana yananuka rangi mbichi." Lakini alikuwa anatabasamu. "Haya. Nataka mambo mawili. Mwanamume asisikie. Na tukimaliza, nyumba isahau. Nimeambiwa kuta zenu hizi hazisahau."

"Zinasahau zikiambiwa. Nitaziambia mwenyewe."

"Ahidi kwa mama yako aliyekuzaa."

Shahara akaahidi kwa mama yake aliyemzaa, na wanawake wote wakiwa mashahidi.

*

Hilo la mwanamume kutosikia Shahara alikwisha kulifikiria. Alikuwa na shanga alizozitia ndani chembe ambazo kuta huzitambua, nyeupe na nyekundu, za kuvaa kiunoni. Kila aliyefundwa akapewa uzi wake, isipokuwa yeye fundi. Amri aliyokipa kisanduku ilikuwa nyepesi: shanga zilipo, wimbo uwepo, shanga zisipokuwepo, ukuta unyamaze. Mwanamke akitoka chumba cha pili kwenda jikoni, wimbo unamfuata kama paka. Sebuleni, walikotarajiwa wakwe, hakuna shanga, hakuna wimbo.

Bibi Somoe akapokea wake, akanyoosha mkono tena. "Nipe na mmoja wa akiba."

"Ya nini, Bibi?"

"Akiba haiulizwi ya nini. Ingekuwa na kazi isingekuwa akiba."

Akapewa.

Sasa, mnaosoma mtasema, mbona hata simu ya zamani ilipeleka muziki kwenye spika? Ilipeleka, lakini muziki uliokunjwa. Ni kama kanga iliyosokomezwa mkobani. Ukiitoa ina makunyanzi, mengine hayatoki hata kwa pasi. Shahara alikuwa akipeleka sauti nzima. Hii haikunjwi. Inapita kwenye mtandao wa nyumba na upana wake wote, hata mate ya mwimbaji anapomeza unayasikia. Na ugumu wake mwingine ni kufika pamoja. Mmewahi kuona wanawake watatu wakitwanga kinu kimoja? Kila mchi unashuka kwa zamu yake, na mmoja akichelewa kidogo tu, michi inagongana. Vyumba navyo ni hivyo. Jiko liko mbali na stoo, chumba cha ndani kiko karibu, kwa hiyo kisanduku kinakiambia cha karibu, subiri mwenzako. Vinasubirishana hivyo mpaka nyumba nzima inapumua pamoja.

Shahara akaketi stoo mbele ya kisanduku. Taa tatu ziliwaka, chumba cha ndani, chumba cha pili, jiko. Ngoma ikalia. Jikoni akasikia vigelegele na kifuniko cha sufuria kinaanguka. "Jamani, yuko hapa!" mama wa kilemba cha njano akapiga kelele. "Bibi Somoe yuko nyuma ya jokofu!"

Shahara akacheka peke yake. Nje, basi lisilo na dereva lilikuwa limewashusha upande wa bwana harusi na kwenda lenyewe kujitafutia kivuli. Alisikia wanakaribishwa sebuleni, viatu vinavuliwa, mashikamoo yanapita kutoka mdomo hadi mdomo. Wimbo wa tatu ukaanza.

Taa ya nne ikawaka.

Akaisogelea. Akaifuta kwa upindo wa kanga, akidhani ni vumbi. Ilikuwa taa ya sebule.

*

Alipofika mlangoni pa sebule alikuta wazee wamekaa wima kama wanapigwa picha. Mzee Mmuni, babu yake bwana harusi, alikuwa amevuta kofia mpaka ikamfunika masikio yote mawili. Na ukutani, kwa sauti nzima, Bibi Somoe alikuwa akiwafundisha:

*Kanuna bwana, kanuna, mletee maji ya moto;*
*akiuliza majani, mwambie acheke kwanza.*

(Nyimbo za ndani siziandiki. Mistari hii miwili naiandika kwa sababu haikufichika tena. Vijana wa Masasi wanaiimba wakipakia magunia ya korosho.)

Katikati ya sebule alisimama Likwena, bwana harusi, kanzu mpya, jasho linamtiririka. Alisogea dirishani, wimbo ukamfuata dirishani. Akakimbilia kona ya pili. Wimbo ukahamia kona ya pili, tena ukapanda sauti kwa kuwa kona ile ina pazia zito.

"Babu," akasema karibu kulia, "unanifuata mimi!"

"Naona," akasema Mzee Mmuni. "Hata sisikii, lakini naona." Kisha akawageukia wenzake. "Wanangu, tutakaa kusikiliza vya watu? Sisi hatuna vyetu? Imbeni!"

Akaanzisha wimbo wa jandoni kwa sauti nene ya kikohozi. Wenzake wakaudaka. Wakapiga makofi, wakapiga meza, hata wimbo wa ukutani ukafunikwa kama chungu kilichofunikwa sinia. Waliimba kwa nguvu za watu wanaotaka kutosikia, na hiyo ndiyo heshima yao, ambayo Shahara anaitaja kila akisimulia.

Yeye alimvuta Likwena kando. "Mkwe wangu, una nini mfukoni?"

"Sina kitu."

"Mkwe."

Likwena akaingiza mkono kwenye kanzu, akatoa leso iliyofungwa fundo. Kupitia kitambaa Shahara aliziona, nyeupe na nyekundu.

"Kakupa nani?"

"Nimekatazwa kumtaja."

Hakuwa na haja ya kumtaja. Mila ile kila mtu anaijua: asubuhi ya ndoa, kungwi humpelekea bwana harusi kwa siri uzi wa shanga za mwali, ili ajue kwamba anaitwa. Shahara mwenyewe siku yake zilipelekwa zake, na mume wake aliziweka mfukoni mpaka zikakatika. Lakini alipokuwa akitia chembe ndani ya shanga alikuwa akifikiri kama fundi, na fundi hana harusi.

"Nipe mara moja nizitoe nje," akasema.

Likwena akairudisha leso mfukoni na kuushika mfuko kwa mikono miwili. "Shangazi, hapo umeniomba kisichowezekana. Nikizitoa mkononi nimemkataa Mwanaidi."

"Sitamwambia mtu."

"Nitajua mimi."

Kweli, alikuwa na haki. Na kuuzima mtandao wote katikati ya wimbo kungekuwa kumkata kungwi kauli, jambo ambalo kule kwetu halifanywi hata nyumba ikiungua. Wakatazamana.

"Unaweza kukimbia?" Shahara akauliza.

"Na kanzu hii?"

"Ikunje."

Bwana harusi akatoka mbio, kanzu mkononi, akavuka uwanja mpaka kule wanaume walikokuwa wanapika pilau, mahali pasipo na ukuta. Babu yake akamfuata na mwavuli. Pale wakasimama, kijana kwenye jua karibu na masufuria, mzee akimtilia kivuli, wapishi wakiuliza, "Bwana harusi kafukuzwa?" na Mzee Mmuni akijibu, "Anaiva. Mwacheni aive."

Sebuleni taa ilizimika. Wazee, ambao sasa hawakuwa na la kufunika, waliendelea kuimba tu. Walikuwa wamenogewa.

*

Shahara aliporudi stoo, kule ndani Bibi Somoe alikuwa anamalizia. Ule ulikuwa wimbo wa kumuaga mwali. Bibi Somoe aliupokea kwa kungwi wake, naye kwa kungwi wake, na aliyebaki nao duniani ni yeye peke yake.

Shahara alikuwa ameusikia siku yake mwenyewe, lakini siku hiyo mwali unalia, hukumbuki kitu. Sasa, sikio kwenye kisanduku, aliusikia wote kwa upana. Bangili iligusa ukingo wa ngoma. Pumzi ilipungua, ikatafutwa, ikapatikana. Kulikuwa na mahali sauti ilitetemeka kabla ya kupanda, kama mtu anayejaribu ngazi kwa mguu.

Ukaisha. Vigelegele vikapigwa vyumba vyote kwa pamoja, wala mchi haukugonga mwenzake.

Alikwenda kumweleza Bibi Somoe yaliyotokea sebuleni. Bibi Somoe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka kwa mabega, kisha kwa tumbo, mpaka akaletewa maji.

"Kumbe aliyempelekea mwanamume wimbo ni mimi! Kwa mkono wangu huu!"

"Ni mimi, Bibi. Ningekazana kukuuliza akiba ni ya nini."

"Na ungejibiwa nini? Nisingekwambia." Akapangusa macho. "Na wazee walifanya nini?"

"Waliimba vyao ili wasisikie."

"Ah." Akaweka kikombe cha maji chini. "Basi wapewe nyama nzuri."

Ndoa ikafungwa, na Likwena akajibu kabla sheikh hajamaliza kuuliza, watu wakacheka. Pilau likaliwa. Wazee wakapewa nyama nzuri, hawakujua kwa nini, wala hawakuuliza.

*

Baada ya chakula Shahara aliingia stoo, na Mwanaidi akamfuata na hina zake na mapambo yake yote, akafunga mlango kwa kisigino.

Kisanduku kilikuwa kinangoja tangu asubuhi. "Nimeshika nyimbo za leo," kikasema kwa sauti yake ya upole. "Nitunze au nisahau?"

"Shangazi, usifute," Mwanaidi akasema.

"Nimeahidi."

"Uliahidi kabla hujausikia ule wa mwisho."

Shahara akakipangusa kisanduku vumbi.

"Bibi ana miaka mingapi?" Mwanaidi akaendelea. "Leo umemsikia pumzi inavyomkimbia. Mimi nikizaa binti, nani atamuaga? Wewe? Sauti yako tunaitumia kufukuzia ndege shambani."

"Una adabu wewe, siku ya harusi yako?"

"Sina. Utunze. Ufungie, usiupige mpaka siku ya binti yangu. Bibi mwambie umefuta. Atalala kwa amani na wimbo utakuwepo. Nani ameumia?"

Shahara aliketi juu ya gunia. Alilipindua swali huku na huku, na kila upande lilikuwa na uzito. Mtoto alisema kweli. Hakuna ambaye angejua. Sauti zile zilikuwa zimekaa ndani ya kisanduku zikiwa nzima, hazina kunyanzi, na neno moja tu lingezipoteza zisipatikane tena na fundi yeyote. Ni mkono upi unaoua wimbo, alijiuliza, unaofuta au unaoiba?

Akamfikiria Bibi Somoe akija siku nyingine nyumbani hapa, akae kigodani, amwite binti Hokororo, aimbe mbele ya kuta zilezile akiamini zimesahau. Na yeye Shahara amekaa mkekani, anapiga makofi, anaitikia.

"Mwanaidi," akasema, "Bibi yuko hai, yuko hapo chumba cha ndani, anachokonoa meno. Na sisi tumejifungia stoo tunamgawana kama marehemu."

Mwanaidi akainamisha kichwa.

"Sahau," Shahara akakiambia kisanduku.

"Nikisahau sitakumbuka tena. Nisahau?"

"Sahau."

Taa ikapepesa. "Nimesahau," kikasema. Kisha, kwa uchangamfu uleule, "Mngependa kusikiliza nini sasa?"

Mwanaidi akaangua kilio, Shahara naye akaangua kicheko, na kabla hawajajua nani anafanya lipi wakawa wanafanya yote mawili, wameshikana, hina inapaka gauni.

*

Jua lilikuwa limekaza, saa ile hata mbuzi hutafuta ukuta. Mwali angesindikizwa jioni, kwa hiyo nyumba ilikuwa imelala. Sebuleni wazee walijilaza walipokuwa wamekaa. Mzee Mmuni kinywa wazi, mwavuli kifuani. Wapishi walilala kando ya masufuria. Mwanaidi alijitupa kwenye kitanda cha mama yake na mapambo yake yote, akakoroma kabla ya kuvua kiatu cha pili.

Bibi Somoe alikuwa amejinyoosha mkekani chumba cha ndani, macho wazi.

"Umefuta?"

"Nimefuta, Bibi."

"Zote?"

"Zote."

"Na ule wa mwisho?"

"Na ule." Akapangusa macho kwa upindo wa kanga.

Bibi Somoe akajiinua kwa kiwiko, akamtazama kwa makini. "Unalilia nini, we mtoto? Hukuusikia."

"Nimeusikia leo, Bibi. Kila pumzi."

"Umesikia makapi. Ubeti wa katikati niliuruka. Na zile nyingine, kila mmoja niliuruka ubeti wake."

Shahara akakaa chini kwa kishindo.

"Ukuta wako mimi siujui," Bibi Somoe akasema bila haya yoyote. "Haujawahi kuniamkia. Nitaupaje vitu vyangu? Mwanaidi nitamnong'oneza ubeti wake jioni akiniaga. Ukuta nikaupa makapi ushibe, unyamaze."

"Bibi! Nusura nitunze! Nimekaa stoo roho inanitoka!"

"Ungetunza, ungekuwa umetunza makapi." Alicheka kidogo, kisha uso ukatulia. "Lakini hukutunza. Nilidhani utatunza. Mimi ningekuwa wewe, na umri wako, na kile kisanduku, ningetunza." Akapapasa mkeka kando yake. "Sogea."

"Kwa nini?"

"Nimechoka kubeba peke yangu, ndiyo kwa nini. Watu wanakuja kusikiliza, wanalia, wanakula, wanakwenda. Hajaja mmoja akasema, Bibi nifundishe. Sogea, na sauti yako hiyo ya kufukuzia ndege."

Shahara akasogea. Kisha akakumbuka, akainuka, akaenda stoo akakichomoa kisanduku. Tangu alipoipaka rangi, hakuwahi kuisikia nyumba ile ikiwa haisikilizi. Alirudi kwa ncha za vidole, akajilaza mkekani, sikio karibu na mdomo wa kizee.

Bibi Somoe akamnong'oneza mstari wa kwanza. Shahara akaurudia vibaya, akafinywa sikio. Akaurudia tena. Wakaingia wa pili. Huo ulimkaa haraka, Bibi Somoe akaguna kwa kuridhika. Wa tatu alipoufikia katikati, neno likarefuka, likapungua, likawa pumzi. Kizee kilikuwa kimelala.

Shahara hakumwamsha. Alibaki akiurudia kimoyomoyo kutoka mwanzo, mstari wa kwanza, wa pili, nusu ya tatu, asije akaupoteza kabla ya kupewa uliobaki. Mstari wa kwanza, wa pili, nusu. Wa kwanza, wa pili. Midomo ikaendelea kucheza kidogo bila sauti, nayo ikatulia, akalala.